Tumbo la kayaki linaliwa wapi? Mbao, faiba na mchanga wa Kunduchi

Jumamosi iliyopita niliigeuza kayaki yangu, mtumbwi mwembamba wa kupiga kafi, kifudifudi pale uani, nikaimwagia maji ya bomba, nikaiacha ikauke, halafu nikapitisha kidole taratibu kuanzia omo, yaani mbele, mpaka tezi, yaani nyuma, kama ninavyofanya kila baada ya safari tatu nne. Kidole kinaona kuliko macho. Katikati laini kabisa, pembeni laini, nikafika kama shubiri moja kabla ya mwisho wa nyuma, pale mkuku, ule uti wa chini ya chombo, unapoanza kupanda juu, nikahisi vinyweleo. Kama ndevu za siku mbili hivi. Hizo ni nyuzi za faiba, kile kitambaa cha nyuzi za kioo, zimeanza kujitokeza, maana yake epoksi ya juu, gundi inayokigandisha, imeshaisha pale na sasa mchanga unakula kitambaa chenyewe. Na nilifurahi kweli, kwa sababu hapo ndipo nilipotaka iliwe, na chini yake bado kuna matabaka matatu kabla hujaigusa mbao.

Mara ya kwanza haikuwa hivyo kabisa, na nataka nieleze yote kwa urefu maana watu wananiuliza sana, hasa wale wanaotaka kujitengenezea chombo chao nyumbani, na wengi wanauliza kuhusu kujenga tu. Kujenga ni raha, kila siku unaona umbo linatoka. Tatizo linaanza siku ya kwanza unapoishusha pwani.

Yangu ni ya mita 5, upana sentimita 58, plaiwudi ya milimita 4. Kabla sijanunua mbao zote nilikata kipande kama kiganja nikakichemsha kwenye sufuria saa nzima, kikatoka matabaka yameshikana vilevile, ndiyo nikaamini kwamba gundi ya ndani ni ile isiyoogopa maji. Plaiwudi ya kawaida ya dari ukiifanyia hivyo inafunguka kama kitabu. Basi nikakata mbao kwa ramani, nikatoboa matundu madogo pembezoni, nikazishona kwa waya mwembamba wa shaba, zikajikunja zenyewe zikawa kayaki, halafu ndani kwenye maungio nikajaza gundi na utepe wa faiba, waya zikatolewa. Wazungu walieneza sana njia hii miaka ya 1960, kuna kimashua cha Uingereza kinaitwa Mirror kilitoka 1963 kwa mtindo huo huo, watu walikijenga nyumbani kwa maelfu. Ila sisi huku pwani kushona chombo si habari mpya, mitepe, vile vyombo vya tanga vya kule Lamu na Pate, ilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja na ilibeba mizigo karne na karne. Mfano wake ulikuwepo kwenye makumbusho ya Beit al-Ajaib pale Unguja, niliwahi kuuona, nilisimama mbele ya ile mishono muda mrefu sana. Kwa hiyo wakati navuta zile waya kwa koleo uani kwangu nilijisikia niko nyumbani.

Sasa kosa. Baada ya kushona na kuziba nilitakiwa kuivalisha nje kitambaa cha faiba na epoksi. Epoksi ni bei, na wakati ule sikuipata haraka, muuzaji mmoja akaniambia chukua tu rezini hii ya kawaida, ndiyo wanayotengenezea matangi na boti, hakuna tofauti. Ilikuwa poliesta. Nikachukua. Ilikauka haraka, ikang'aa, nikapiga picha nyingi, nikaingia nayo baharini wiki ileile.

Tofauti ipo na ni kubwa. Poliesta inashikana vizuri na poliesta mwenzake, ndiyo maana boti nzima ya faiba haina shida, lakini kwenye mbao inakaa juu juu tu, haiing'ati. Na mbao inacheza, inakunywa unyevu kidogo inavimba, inakauka inasinyaa, lile ganda haliwezi kuifuata. Miezi mitano baadaye nilirudi kutoka kisiwa cha Mbudya, pwani ya Kunduchi hapa Dar, wakati naivuta mchangani nikasikia mlio kama wa karatasi kavu. Nikainama. Chini ya kiti kulikuwa na ufa wa urefu wa kidole, nikaingiza ukucha, ganda likanyanyuka lote kama ngozi ya nyama iliyochemshwa, kipande kikubwa kama sinia, na chini yake plaiwudi nyeusi, imelowa, ina harufu ya chini ya mtungi. Maji yalikuwa yameingilia kwenye mikwaruzo ya mkuku yakatembea kati ya ganda na mbao huku mimi juu naona mng'aro tu. Niliumia mno. Ile rangi nyeusi ya mbao nilikuwa naiona hata nikifumba macho.

Nilimpelekea picha mzee mmoja fundi wa mashua kule Msasani, halafu nikaenda mwenyewe. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu karibu, akaangalia zile picha kwenye simu akazikuza kwa vidole viwili, akacheka kidogo kwa huruma akasema, "Nguo yako haijashika mwili." Halafu akanichukua mpaka kwenye mashua iliyokuwa imeegemezwa juu ya magogo, akaniambia gusa hapa. Chini ya mkuku palikuwa na ubao mwingine mwembamba umepigiliwa, umechakaa, kona zimeliwa na mawe, mwingine wa mbao laini tu. Nikamuuliza mbona mmetumia mbao dhaifu sehemu inayogusa chini. Akasema, "Huo ndio wa kuliwa. Ukiisha tunautoa tunaweka mwingine, mkuku wenyewe haujui kitu."

Tulikaa pale mpaka adhuhuri. Akanieleza deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na shahamu wanaopaka chini ya chombo, unakuwa mweupe mzito, na sifa, mafuta ya papa, yanayopakwa juu ya maji, yananuka lakini mbao inayapenda. Na kabla ya deheni mpya wanachoma chini kwa moto wa makuti, taratibu, kuua wale wadudu wanaotoboa mbao. Nilichokiona mimi katika maelezo yake yote ni kwamba hakuna hata kimoja kinachopakwa ili kidumu. Deheni inapakwa ikijulikana itakwisha. Chombo kinapandishwa, kinakwanguliwa, kinapakwa tena, mwaka baada ya mwaka, na mbao ya ndani inafika uzeeni. Mimi nilikuwa natafuta ganda gumu la kuweka mara moja nikasahau. Pale ndipo nilipobadilisha mawazo yangu yote kuhusu hii kazi.

Basi nikarudi nikabandua ganda lote. Sehemu kubwa ilitoka kwa mkono, iliyobaki nikaikwangua kwa msasa namba 80, huku nimevaa barakoa na mikono mirefu maana vumbi la faiba likikuingia shingoni hulali. Kayaki ikakaa kivulini wiki sita nzima. Wiki sita ni nyingi jamani, hasa kaskazi ikiwa inavuma na bahari inakuita, lakini ukiziba mbao yenye maji umeyafungia ndani, na kuoza kunaendelea kwa raha. Sehemu mbili zilizokuwa zimelainika kabisa nilizikata nikatia viraka.

Halafu epoksi. Hapa nina mambo ya kusema kwa sababu maelekezo mengi yanaandikwa na watu wa nchi za baridi, kwetu mambo ni tofauti. Kwanza joto. Epoksi inapoungana inatoa joto yenyewe, na ukiwa Dar mchana nyuzi 31, ukikoroga kikombe kizima cha robo lita, dakika kumi tu kinaanza kutoa moshi na kugeuka jiwe mkononi mwako. Koroga kidogo kidogo, kisha mimina kwenye sinia pana isambae, inapata muda zaidi. Pili vipimo. Poliesta hadina, yaani dawa ya kuigandisha, ni matone tu, asilimia 1 au 2, ukizidisha inawahi. Epoksi siyo hivyo, uwiano ni ule ulioandikwa kwenye kopo na ukizidisha hadina haiharakishi chochote, unapata ulimbo usiokauka milele. Mimi napima kwa mizani ndogo ya jikoni. Tatu, na hili nililijifunza kwa kuharibu kipande cha majaribio, usipake asubuhi wakati jua linapanda. Mbao ina hewa ndani, ikipata joto hewa inatanuka inatoka, inakuachia mapovu kila mahali chini ya kitambaa. Paka jioni. Jioni mbao inapoa, hewa inajikunja, na epoksi inavutwa kuingia ndani ya mbao badala ya kusukumwa nje. Tangu nimejua hili nafanya kazi yote baada ya alasiri, nikiwa na taa.

Kitambaa nilichotumia ni cha gramu 200 kwa mita ya mraba. Tumbo la kayaki yangu ni kama mita za mraba 3, kwa hiyo kitambaa gramu 600, epoksi ya kukilowesha karibu uzito uleule, na tabaka mbili za kujaza vishimo vya kitambaa. Jumla kama kilo 2 zimeongezeka, na huo uzito nitaubeba mabegani kila siku, kwa hiyo nilijiuliza sana kama niongeze kitambaa cha pili tumbo zima. Sikuongeza. Kwa nini uongeze uzito mahali pasipoliwa?

Maana ukichunguza kayaki iliyotumika mwaka mzima utaona inaliwa sehemu tatu tu. Tezi, kwa sababu kila mtu akiwa peke yake anainua omo anaburuta nyuma. Omo, pale chini kidogo ya pua, ndiyo inayogonga ufukwe unapofika. Na chini ya kiti, hii watu wengi hawaijui. Unaiweka kayaki kwenye maji ya kifundo cha mguu, unakaa, uzito wako wote, kilo 80, unaisaga juu ya mchanga huku unajisogeza kwa makalio uelee. Ni msasa huo. Kilichobaki chote, ubavu na mabega, kinapata mikwaruzo midogo isiyo na maana.

Kwa hiyo nguvu niliziweka hapo. Mkuku mzima nikaubandika vipande vya faiba nilivyovikata kwa mshazari, pembe ya nyuzi 45, siyo kwa kufuata uzi wa kitambaa. Ukikata mshazari kitambaa kinalala vizuri kwenye kona kali na hakuna nyuzi inayokaa kwa urefu wa mkuku ikasubiri kukatwa yote kwa mpigo. Upana sentimita 7, juu yake 5, juu yake 3, kama ngazi, ili kusiwe na ukingo wa kushika mchanga. Katikati ni tabaka moja tu la sentimita 5, ila kwenye tezi na omo, nusu mita kila upande, ni zote tatu. Juu nikafunika kitambaa cha bitana cha polista kutoka Kariakoo, kile cha kushonea ndani ya makoti, nikakikandamiza kwa kadi ya plastiki mpaka epoksi iliyozidi ikapenya juu. Asubuhi unakibandua, kinatoka chote, kinaacha uso safi wenye ukwaru mzuri. Kijaribu kwanza kwenye kipande kidogo, maana kuna bitana zimepakwa dawa zinagoma.

Na kingine cha kwetu, unyevu. Wakati wa masika epoksi inaweza kutoa utando juu yake, unahisi kama mafuta au sabuni. Usipige msasa hapo hapo! Utausugulia ndani na tabaka linalofuata halitashika. Osha kwanza kwa maji matupu na sponji lile la kijani la kuoshea vyombo, kausha, ndiyo msasa ufuate.

Chini ya kiti nikaweka kiraka cha umbo la yai, sentimita 60 kwa 30, kitambaa kilekile.

Watu walinishauri vitu vingine. Ukanda wa shaba nyeupe kwenye mkuku ni mzuri kuangalia, ila unataka skrubu, na kila skrubu ni tundu kwenye mbao ya milimita 4, ukigonga mwamba skrubu inalegea na maji yamepata mlango. Ukitaka kweli kufanya hivyo toboa tundu kubwa, lijaze epoksi, ikauke, halafu toboa tundu la skrubu ndani ya hiyo epoksi. Mwingine aliniambia pasua bomba la plastiki lile jeusi la maji uligundishe kwa epoksi. Haishiki. Angalia kikombe cha mtindi ulichokorogea, kesho yake epoksi iliyobaki inachomoka nzima kama barafu kwenye kopo, ndiyo itakavyochomoka na hapo. Wengine wanachanganya unga wa grafaiti kwenye epoksi ya mwisho, tumbo linakuwa jeusi na linateleza sana, na nimeiona inafanya kazi, lakini jeusi kwenye jua la huku hapana. Epoksi ya kawaida isiyookwa inaanza kulegea joto likifika nyuzi 50 au 60 hivi, na kitu cheusi kilichoachwa ufukweni saa saba mchana hakikosi kufika huko.

Ndiyo maana tumbo langu ni jeupe kama la mashua iliyopakwa deheni. Epoksi pamoja na ugumu wake wote haiwezi jua, mionzi inaivunja taratibu, inakuwa ya njano, halafu unga unga, halafu nyuzi zinaonekana. Lazima ifunikwe. Juu nimeacha mbao ionekane kwa vanishi yenye kinga ya jua, tabaka tano, na kila mwaka napiga msasa mwepesi naongeza mbili. Chini ni rangi ya magari ile ya kuchanganya, niliipata kwa mafundi wa kupaka rangi gereji, nikapaka kwa brashi na rola maana kuipulizia bila vifaa vya kupumulia ni hatari, mvuke wake unaharibu mapafu. Rangi nayo nimeihesabu ni ya kuliwa. Nyeupe ina faida nyingine, ukiona mahali pamegeuka kijivu au kahawia unajua mara moja pamefika wapi.

Lakini kinga kubwa kuliko zote haikuniletea gharama ya epoksi hata tone. Ni kuacha kuburuta. Sasa nina kitoroli cha magurudumu mawili ya baiskeli ya mtoto, nafunga kwa mkanda, naisukuma mpaka majini. Nikifika naiacha ielee kwanza, maji ya magoti, ndipo naingia kwa kuweka kafi nyuma ya tundu la kiti kama mguu wa kuegemea. Kurudi, sipandi ufukwe kwa kasi nikajisikia shujaa, naikalisha ubavu, nashuka ikiwa bado inaelea.

Na kusoma maji. Huku kwetu wakati wa bamvua tofauti ya maji kupwa na kujaa inakaribia mita 4, na siku hizo maji yanakuwa yamekupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi na kujaa saa kumi alasiri. Ukitoka Kunduchi saa moja ukasema narudi saa nne, unakuta bahari imeondoka, una mwendo mrefu wa mawe, chaza na vipande vya matumbawe vinavyokata kama wembe, na unaanza kuburuta kwa uchovu. Mikwaruzo mibaya yote niliyowahi kupata niliipata siku za namna hiyo. Siku hizi safari ya Mbudya naipanga siku za maji mafu, yasiyokupwa wala kujaa sana, au kama ni bamvua basi naondoka mchana maji yakiwa yanajaa. Na kule kisiwani nashukia upande wa mchanga unaotazama bara, upande wa nje ni mwamba mtupu.

Siku ukipata jeraha angalia kimefika wapi. Mkwaruzo mweupe kwenye rangi, achana nao mpaka mwisho wa mwaka. Nyuzi zimetokea, paka epoksi, rangi juu, imeisha. Ukiona mbao, hata kama ni alama ya ukubwa wa punje ya mchele, usiingie tena majini na hiyo kayaki. Nilikuwa natembea na utepe mpana wa kuzibia ndani ya mfuko usioingiza maji kwa ajili ya kufika nyumbani tu, bado natembea nao. Nyumbani suuza kwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi inavuta unyevu haikauki kamwe, acha kivulini siku kadhaa, chonga ukingo wa jeraha uwe mteremko mpana, ndipo utie kiraka.

Hifadhi nayo. Isikae kwenye mkuku wake chini sakafuni, sehemu ileile uliyoihangaikia ndiyo inabeba uzito na unyevu wa sakafu. Yangu inalala kifudifudi juu ya mikanda miwili iliyofungwa kwenye nguzo, hewa inapita, na mfuniko wa chumba cha nyuma uko wazi ili ndani pasiote ukungu.

Kesho jioni, jua likishazama nyuma ya mwembe wa jirani, napiga msasa ile shubiri moja ya nyuma, nabandika kipande kipya cha sentimita 3 kwa nusu mita. Bitana imebaki, epoksi imebaki kama kikombe. Bamvua inaanza Alhamisi, kwa hiyo siharakishi, naipa wiki nzima iive.